Kilicholetwa na Maji

Sisi watu wa Kilakala hatuna bahari. Tuna mlima. Ukifungua mlango asubuhi, Uluguru uko mbele ya uso wako, na ukungu unapoinuka unaona mashamba ya migomba yamebandikwa ubavuni mwake kama viraka. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 190, na wazee wengi niliowafahamu utotoni walikufa bila kuonja maji ya chumvi. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuuliza: mtu wa mlimani anatafuta nini katika habari za shehena zinazopotea baharini na kutupwa ufukoni? Jibu langu ni kwamba swali lenyewe nililipata hapa hapa mlimani, kabla sijaiona bahari kwa macho.

Nilipokuwa mtoto, kijito kilichopita chini ya nyumba yetu kilifurika kila masika. Mvua ilipokatika tulikimbia kwenda kuona maji yameleta nini. Yalileta kata, ndoo, mchi, mbuzi ya kukunia nazi, na mara moja doti nzima ya kanga iliyojisokota kwenye mzizi wa mti. Watu wa juu yetu walifua na kuosha vyombo mtoni kama tulivyofanya sisi, na mvua ikishuka ghafla haimngoji mtu akusanye vyake. Sheria ya watoto ilikuwa nyepesi: aliyekiona kwanza na kupiga kelele "Changu!" ndiye mwenye nacho. Sheria ya mama ilikuwa nyingine. Kila kitu kilichokuwa bado kinafaa alikiosha, akakitundika kwenye tawi la mwembe uliokuwa kando ya njia, ili anayeshuka kutoka mlimani kwenda sokoni akione.

Vingine vilichukuliwa kesho yake. Vingine vilining'inia mwezi mzima. Sufuria moja nzuri, yenye mfuniko, ilikaa pale mpaka ndege wakaanza kuizoea. Ya kwetu ilikuwa imetoboka na kuzibwa mara mbili. Nikamwuliza mama kwa nini tusiitumie ile. Akasema, "Maji yameihamisha sufuria tu, mwanangu. Mwenyewe hayakumhamisha."

Nimeyabeba maneno hayo zaidi ya miaka hamsini. Ndani yake mna swali ambalo wanasheria, mashehe, mapadri na mabaharia wamelipigania kwa karne nyingi: je, kitu hubadili mwenyewe kwa sababu kimebadili mahali?

Wala mlima na bahari haviko mbali kama tunavyodhani. Maji ya mito yetu huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu humwagika katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Kinachopotea Kilakala kina njia ya kufika baharini, hata kama mwenyewe hana nauli. Na bahari nayo hupanda kuja kwetu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikazamisha majahazi na meli za Sultani na kung'oa mikarafuu mingi mno. Siku zile zile mvua kubwa ilishuka huku bara. Stanley, aliyekuwa akirudi pwani kutoka kumwona Livingstone, alipita mji wa Simbamwene, ambao ndio Morogoro yetu ya kale, akakuta sehemu ya ukuta wake imechukuliwa na maji na vijiji vya bonde la Ngerengere vimefagiliwa. Mara nyingi huwafikiria watu waliosimama kwenye kingo za Ruvu wiki ile wakitazama milango, vinu na vitanda vya wenzao vikipita kuelekea baharini. Yamkini wapo waliotia mikono majini. Walivuta nini, na walifanya nini baadaye?

Watu wa pwani wana methali: mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Anayezunguka ufukoni maji yakitoka hakosi kitoweo. Ni methali ya kusifu bidii, na samaki au chaza aliyeachwa na maji ni riziki ya aliyeamka mapema. Lakini siku hizi upwa huleta visivyo samaki. Bidhaa nyingi za dunia husafiri ndani ya makontena ya chuma yaliyopangwa juu ya sitaha kama matofali, na dhoruba ikiyumbisha meli, baadhi huanguka. Kwa hesabu za World Shipping Council, chama cha makampuni ya meli, mwaka 2024 yalipotea makontena 576 katika zaidi ya milioni 250 yaliyosafirishwa. Kwa mfanyabiashara ni idadi ndogo. Kwa kijiji kilichopo ufukoni, hata moja ni mvua ya mali.

Mwezi Mei 1990 meli iitwayo Hansa Carrier, ikitoka Korea kwenda Marekani, ilipigwa na dhoruba katika Pasifiki ya kaskazini, na makumi ya maelfu ya viatu vya Nike vikamwagika. Miezi mingi baadaye vilianza kufika kwenye fukwe za magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Mtaalamu wa bahari Curtis Ebbesmeyer alivitumia kupima mwendo wa mikondo ya maji. Lakini mimi hupenda jambo jingine katika kisa hicho. Viatu havikuwa vimefungwa viwili viwili. Mtu aliokota cha kushoto, jirani yake cha kulia, na saizi hazikulingana. Basi watu wa pwani ile wakafanya magulio ya kubadilishana mpaka kila mmoja apate jozi. Bahari iliwapa mali ambayo haikuwa na faida mpaka wakutane.

Tarehe 13 Februari 1997 meli Tokio Express ilipigwa na wimbi karibu na ncha ya kusini-magharibi ya Uingereza, ikapoteza makontena 62. Moja lilikuwa na vipande karibu milioni 4.8 vya kuchezea vya Lego, na kwa kichekesho cha majaliwa, vingi vilikuwa na sura za vitu vya baharini: pweza, majoka, zana za wapiga mbizi. Hadi leo vinaokotwa. Waliokuwa watoto mwaka ule sasa wanaviokota pamoja na watoto wao.

Mpaka hapo ni hadithi za kufurahisha, kwa sababu hakuna anayelia. Kiatu na pweza wa plastiki havina mtu anayevisubiri mlangoni. Ila Januari 2007 meli MSC Napoli, ikiwa imepasuka, ilipandishwa kwenye mchanga mbele ya kijiji cha Branscombe, Uingereza. Makontena yakafunguka. Watu wakaja kutoka mbali na magari na matoroli, wakachukua pikipiki mpya za BMW, nepi na mapipa ya mvinyo. Sheria ya nchi yao ilisema wazi kwamba aokotaye kitu cha meli iliyoharibika lazima amtaarifu ofisa anayehusika katika siku 28, na kwamba mali inabaki ya mwenyewe. Wengi walichukua kwanza na kuuliza sheria baadaye. Na katikati ya pikipiki na nepi kulikuwa na vitu vya nyumbani vya watu waliokuwa wakivisafirisha kwenda Afrika Kusini, mali ambayo mtu hukusanya maisha yake yote. Mkono uliobeba pikipiki ulibeba na hivyo pia. Ukishaanza kuzoa, jicho haliulizi tena.

Hebu sasa tulipime jambo lenyewe. Wazee wetu wa dini hawakuliacha hewani. Torati inamwamuru aliyemwona ng'ombe, punda au vazi la ndugu yake lililopotea asijifanye hakuona, bali alirudishe, na kama mwenyewe yuko mbali, alitunze hadi atakapokuja. Sheria ya Kiislamu inataka kitu cha thamani kilichookotwa kitangazwe mwaka mzima. Kadhalika, wanazuoni wengi walitofautisha kati ya kile ambacho bahari imekitoa yenyewe na kile ilichomnyang'anya mtu. Ambari, ile nta yenye harufu nzuri itokayo kwa nyangumi na ambayo pwani yetu ilisifika kwayo tangu zama za kale, ni riziki ya aliyeipata. Haijawahi kuwa na bwana. Lakini robota la nguo lililotoka katika jahazi lililozama lina bwana, hata likifika ufukoni limelowa.

Watawala wengi wa pwani za bahari yetu hawakupenda tofauti hiyo. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba huko Malabar, India, mali ya jahazi lililovunjika ilikuwa ya hazina ya mtawala, isipokuwa katika mji wa Calicut. Huko waliachiwa wenyewe, na ndiyo sababu mji ule ulistawi na kujaa majahazi. Funzo lake ni la kidunia kabisa: bandari inayoheshimu mali ya aliyezama ndiyo inayopendwa na walio hai.

Sheria yetu ya Tanzania nayo ina hekima yake. Katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mwokotaji hahesabiwi kuwa mwizi ikiwa wakati anakitwaa kitu hamjui mwenyewe, tena ana sababu za haki za kuamini kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Tazama jinsi sheria inavyopita mikono na kwenda moja kwa moja moyoni. Watu wawili wanaweza kuinama mahali pamoja, wakaokota vitu vinavyofanana, mmoja akawa mwizi na mwenzake asiwe. Tofauti yao ni kama kila mmoja amejiuliza swali moja kwa ukweli: cha nani?

Hapa sina budi kueleza jambo langu mwenyewe, maana si haki kuwauliza Waingereza wa Branscombe wakati mimi nimenyamaza.

Mwaka 1983, wenye umri wangu watakumbuka, sabuni ilikuwa adimu nchini. Tulipanga foleni kwa mche mmoja, na mara nyingi tuliondoka mikono mitupu. Mama alifulia majani ya mpapai. Siku moja nilikuwa natoka Mikese kwa miguu pamoja na vijana wenzangu. Mbele yetu, kwenye kona, lori lilikuwa limelala ubavu. Turubai lilikuwa limepasuka na katoni za sabuni ya kufulia zimetawanyika mpaka kwenye majani. Watu walikuwa wameshafika. Hakuna aliyepiga mwingine, hakuna aliyetukana. Kila mtu alikuwa na haraka na adabu, kama watu wanaovuna kabla ya mvua. Mimi nilichukua katoni moja.

Dereva alikuwa ameketi kwenye jiwe, kitambaa kichwani, damu ikimchuruzika hadi shingoni. Hakusema kitu. Alikuwa akitutazama. Nilipompita na katoni begani nilimsalimia, "Pole, kaka." Akaitikia, "Asante." Ndivyo ilivyokuwa. Nilimpa pole mtu yule huku nimebeba ushahidi wa msiba wake, na sikuona ajabu yoyote mpaka nilipofika nyumbani.

Mama aliitazama katoni ile muda mrefu. Akauliza, "Cha nani?" Nikasema gari limeanguka, watu wote wamechukua, kama si mimi angechukua mwingine. Mjomba wangu alikuwepo, na kwa Waluguru neno la mjomba ni zito. Akanitetea. Alisema sabuni ile ilikuwa ya watu wakubwa, kwamba sisi wadogo tumefichwa sabuni mwaka mzima, na kwamba kilichomwagika njiani ni cha wapita njia. Mama hakubishana na kaka yake. Aliuliza tu, "Na dereva atawaambia nini waliomtuma?" Mjomba akanyamaza, nami nikanyamaza.

Katoni iliwekwa darini. Mama aliendelea kufulia majani ya mpapai. Miezi kadhaa baadaye nilirudi hadi pale kwenye kona nikiwa na nia ya kuuliza, lakini lori lilikuwa limeshaondolewa, na hakuna aliyejua lilikotoka. Sabuni ilikauka, ikapasukapasuka, ikawa nyepesi kama mbao. Hatimaye tuliigawa kwa wagonjwa, na sikujisikia nimelipa deni.

Tangu siku ile nimezichambua hoja za mjomba, kwa sababu ndizo hoja za kila ufuko na kila barabara. Ya kwanza husema: mwenye mali ni tajiri, au ana bima, hatadhurika. Yaweza kuwa kweli. Lakini anayeokota hajui, na hajaribu kujua. Anachagua kuamini kile kinachompa ruhusa. Tena kati ya tajiri na mzigo wake daima yuko mtu mdogo, dereva, utingo au baharia, ambaye ndiye atakayeulizwa. Ya pili husema: nisipochukua mimi, atachukua mwingine au itaharibika. Kuokoa mali isiharibike ni jambo jema, na sheria za bahari tangu kale humpa tuzo aliyeokoa. Lakini kuokoa na kutwaa hufanana mwanzoni tu. Mikono inainama vile vile na begani mzigo una uzito ule ule. Njia zinaachana baadaye, pale mmoja anapoutundika mzigo mahali unapoonekana, na mwingine anapoupeleka darini.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: umaskini. Mtu ambaye mtoto wake ana njaa akiokota mfuko wa unga, sitamwita mwizi, na sidhani Mungu atamwita hivyo. Hapo mjomba alikuwa na haki yake, na mama alilijua hilo, ndiyo maana hakubishana naye. Nchi ikiwaacha watu wake bila sabuni isishangae sana wakiizoa njiani. Ila umaskini unaeleza kwa nini niliinama. Hauelezi kwa nini sikumfunga dereva jeraha.

Kwa sababu ya katoni ile, siku ya Jumamosi tarehe 10 Agosti 2019 sikuweza kusema waliyokuwa wakiyasema wengine. Asubuhi ile, hapa Morogoro, eneo la Msamvu, lori la mafuta lilipinduka. Watu wakaja na madumu, na wengine walikuja kutazama tu. Petroli ikawaka. Waliofariki, pale pale na hospitalini katika siku zilizofuata, walizidi 100. Wengi walizikwa kwenye makaburi ya Kola, si mbali na Kilakala. Nchi iliomboleza siku tatu. Na kabla maombolezo hayajakwisha, watu walikuwa wameshatoa hukumu kwa neno moja: tamaa.

Mimi sikuwa na ulimi wa kulitamka neno hilo. Nilijua ya kwamba kama lori la mwaka 1983 lingebeba petroli, ningekuwa na dumu, na mama angeletewa habari nyingine. Moyo wangu na mioyo ya wale vijana ulikuwa mmoja. Shehena ndizo zilizotofautiana. Kifo chao hakikuwa hukumu, kwa maana moto haukuuliza nani alikuja kuzoa na nani alikuja kumvuta mwenzake. Tunasema maji yakimwagika hayazoleki, na methali hiyo sasa kila nikiisikia hunichoma. Lakini nilifikiri pia kwamba swali la mama, "Cha nani?", lina kazi nyingine ambayo sikuijua utotoni. Humlinda aliyepoteza, naam. Humlinda na aliyeokota. Humsimamisha hatua chache kabla ya mali, kwa muda wa pumzi mbili au tatu, na pengine katika muda huo mtu huona damu ya dereva, au husikia harufu ya petroli.

Kuna kisa kimoja cha bahari yetu ambacho hunipa faraja. Mwezi Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa la ndege kilipatikana kisiwani Pemba. Kwa mgaagaa na upwa, kipande kama kile kingeweza kuwa bati la banda au meza ya kuparia samaki. Badala yake habari zilifikishwa kwa wenye mamlaka, kikapelekwa kwa wataalamu huko Australia, na tarehe 15 Septemba 2016 ikathibitishwa kwamba ni sehemu ya ndege ya Malaysia, safari namba MH370, iliyotoweka tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239. Waliofiwa walikuwa wamekaa zaidi ya miaka miwili bila kaburi na bila habari za kutosha. Kitu kisicho na bei sokoni Wete wala Chake Chake kilikuwa na thamani kuliko pikipiki zote za Branscombe, kwa sababu kulikuwa na watu waliokisubiri. Thamani ya kilichoookotwa anaijua aliyepoteza. Mwokotaji hawezi kuipima kwa macho yake peke yake.

Hadi hapa nimesema habari za mali ambayo mwenyewe angependa kuipata. Lakini dunia ya leo imetuletea shehena za aina nyingine, ambazo mama hakuzifikiria. Oktoba 2017, katika dhoruba bandarini Durban, zilimwagika tani 49 za punje za plastiki, zile chembe ndogo kama dengu ambazo viwanda huyeyusha kutengenezea ndoo na chupa. Mwezi Mei 2021 meli X-Press Pearl iliungua mbele ya Colombo kisha ikazama, na zaidi ya tani 1,600 za punje kama hizo zilikuwa ndani yake. Fukwe za Sri Lanka zikawa nyeupe, na wavuvi wakazuiwa kuvua. Mei 2025 meli MSC Elsa 3 ilizama mbele ya Kerala, na punje zikafika tena ufukoni. Hizo zote ni pwani za bahari yetu hii hii ya Hindi.

Angalia ajabu. Hakuna aliyekuja na toroli. Hakuna aliyepiga kelele "Changu!" Wakati shehena ni pikipiki, wenye mali ni wengi kupita kiasi: mwenye kontena, mwenye bima, na kila aliye ufukoni. Wakati shehena ni sumu, haina mwenyewe. Mwenye mzigo anamtaja mwenye meli, mwenye meli anamtaja aliyeikodi, naye anaitaja dhoruba. Sri Lanka ilisubiri hadi Julai 2025 ndipo Mahakama yake ya Juu ikaamuru walipwe dola bilioni 1, na kuamuru si kulipwa. Wakati huo wote waliokuwa wakichekecha mchanga kwa mikono ni watu wa pwani, ambao hawakuwahi kumiliki hata punje moja.

Hivyo naona kwamba umiliki ni kamba yenye ncha mbili. Ncha moja ni haki ya kusema "Nirudishie changu". Ncha ya pili ni wajibu wa kusema "Hicho kilichokuumiza ni changu". Dunia imeandika sheria nyingi juu ya ncha ya kwanza. Ya pili imeachwa ielee. Hata kanuni ya kimataifa ya kumlazimisha nahodha kutoa taarifa makontena yakianguka ilipitishwa mwaka 2024 tu, ikapangiwa kuanza Januari 2026, miongo mingi baada ya makontena kuanza kuanguka.

Ni rahisi kwa mtu wa Kilakala kusema hayo akiwa amewaelekezea kidole wenye meli. Lakini mwaka jana nilishuka hadi kwenye kijito chetu baada ya mvua. Hakikuleta kata wala mbuzi ya nazi. Kilileta chupa za maji, nepi, soli za ndala na vifuko vya viroba. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kweli imepungua, ila chupa hazikupungua. Vitu hivyo vinajua njia: Ngerengere, Ruvu, bahari. Kule Lamu mafundi waliokota plastiki ufukoni, wakaunda jahazi zima, likapambwa kwa ndala zipatazo 30,000 na kuzinduliwa mwaka 2018. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Unguja. Walipewa sifa, na walistahili. Lakini mimi nilijiuliza kama kati ya ndala za fukwe zetu hamna ya kwangu. Kila mtu wa mlimani ni meli inayopoteza shehena bila kutoa taarifa kwa yeyote.

Mwembe wa mama ungalipo. Nilisimama chini yake na chupa saba nilizoziokota, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba nikizitundika hakuna atakayesimama njiani aseme, "Ee, kumbe iko hapa, nilikuwa naitafuta." Wangepita wote, hata waliozitupa, hata mimi kama mojawapo ilikuwa yangu. Sufuria ya mtu maskini ilikuwa na mwenyewe kwa miezi mitatu hata kama hakuonekana. Chupa saba, zilizonunuliwa kwa fedha halali madukani, hazikuwa na mwenyewe hata mmoja.

Nilizibeba hadi nyumbani. Mjukuu wangu alikuwa kibarazani, akaniangalia kwa mshangao, kisha akauliza, "Babu, hizo za nani?"

Nikamwambia ni zetu.